Kuuza sigara dukani Kenya, Uganda na Tanzania: sheria zinaachana wapi, na mwenye duka achague njia ipi

Kijana wa miaka 19 akiingia dukani Busia, upande wa Kenya, akaomba pakiti ya sigara, mwenye duka anaweza kumuuzia na asiwe amevunja sheria. Kijana huyohuyo akivuka mpaka na kuingia duka la Busia ya Uganda, muuzaji akimpa pakiti ametenda kosa. Kenya inamruhusu mnunuzi akitimiza miaka 18. Uganda inataka 21. Wafanyabiashara wa mpakani wana ndugu pande zote mbili, wengine wana maduka pande zote mbili, na sabuni na sukari huvuka kila siku, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba sheria za rafu ya sigara nazo ni zilezile. Sizo.

Ulinganisho huu nimemwandikia mwenye duka la rejareja: anayefungua duka jipya, anayehamishia biashara nchi jirani, au aliyeko kazini tayari na anajiuliza kama lile shubaka la sigara nyuma ya kaunta libaki au liondoke. Kampuni na waagizaji wana mawakili wao. Mwenye kioski ana leseni yake ukutani, na bwana afya akija kukagua humkuta peke yake.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usome ukiujua. Ukiamua kuuza sigara, fuata sheria iliyo kali kuliko zote tatu, yaani ya Uganda, hata kama duka lako liko Arusha au Machakos. Na kama wateja wako wengi ni watoto, kwa kuwa upo njiani kuelekea shule, usiuze kabisa.

Mkataba mmoja, sheria tatu

Nchi zote tatu zimeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005. Kenya iliridhia Juni 2004, Tanzania Aprili 2007, na Uganda Juni mwaka huo huo wa 2007. Ndani yake, ibara ya 16 ndiyo inayomgusa mwenye duka. Inazitaka nchi zizuie uuzaji wa tumbaku kwa watoto. Wauzaji wabandike tangazo linalosomeka la kukataza. Wakiwa na shaka waombe uthibitisho wa umri. Wasiiweke tumbaku mahali ambapo mteja anajichukulia mwenyewe. Peremende na vinyago vyenye umbo la sigara visiuzwe. Mtoto asiwekwe kuuza sigara. Na sigara zisiuzwe moja moja wala katika vipakiti vidogo vinavyomfaa mtu mwenye sarafu mbili mfukoni.

Kila nchi ilichota humo kwa kiasi chake. Tanzania ilitangulia hata mkataba wenyewe kuanza kutumika: sheria yake ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003. Kenya ilitunga yake 2007 na ikaanza kufanya kazi Julai 2008. Uganda ilikuja mwisho: Bunge lilipitisha Julai 2015, Rais Museveni akatia saini Septemba, na tarehe 19 Mei 2016 sheria ikaanza kuuma. Ukizisoma kwa mpangilio huo unaona jinsi kila iliyofuata ilivyoziba mianya ya iliyotangulia.

Wapo wanaosema Tanzania ni laini kwa sababu Tabora na Urambo wanaishi kwa tumbaku. Hoja hiyo hainishawishi. Uganda nayo ina wakulima wa tumbaku, kule West Nile na Bunyoro, na Kenya inao Migori na Meru. Hata hivyo wote wawili walitunga sheria kali zaidi.

Kwa mwenye haraka, haya ndiyo ya msingi:

| Jambo | Kenya | Uganda | Tanzania Bara |
|---|---|---|---|
| Sheria kuu | 2007 | 2015 | 2003 |
| Umri wa mnunuzi | 18 | 21 | 18 |
| Onyo kwenye pakiti | Picha na maandishi: 30% mbele, 50% nyuma | Picha na maandishi: 65% ya kila upande | Maandishi bila picha |
| Shisha | Marufuku tangu Desemba 2017 | Marufuku ndani ya sheria yenyewe | Marufuku kwa agizo la serikali la 2016 |
| Stempu ya kielektroniki kwenye sigara | Tangu 2013 | Tangu 2019 | Tangu 2019 |

Mengine hayaingii kwenye jedwali, na ndiyo yenye uzito zaidi.

Umri, kitambulisho na mtoto aliyetumwa

Kenya na Tanzania ni rahisi kwa muuzaji kuliko Uganda, na sababu ni vitambulisho. Kenya, kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akifikisha miaka 18. Mteja akikuonyesha kadi, umri wa kununua sigara ameshautimiza. Tanzania hali ni hiyo hiyo kwa kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa cha huko. Uganda, kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 16, kwa hiyo kadi peke yake haikusaidii. Lazima uisome tarehe ya kuzaliwa na upige hesabu. Mhudumu mgeni aliyezoea kazi Kisumu au Mwanza anaweza kuiona kadi, akaridhika, akauza, na hapo hapo amemuuzia mtu wa miaka 17.

Dawa yake ni ndogo. Kila Januari andika kwenye karatasi mwaka wa kuzaliwa ambao mwenye nao anafikisha miaka 21 mwaka huo, uibandike ndani ya kaunta, upande ambao mhudumu anauona. Aliyezaliwa mwaka huo, mhudumu aangalie na mwezi na siku. Aliyezaliwa baada yake hauziwi.

Uganda imekwenda mbele hatua nyingine: mwenye umri chini ya 21 haruhusiwi kununua, na haruhusiwi kuuza. Hili linagusa maduka mengi ya familia, maana kaunta zetu zinashikwa na watoto wa nyumbani wakitoka shule, au na binamu aliyeletwa kutoka kijijini ajifunze biashara. Kama msaidizi wako ana miaka 19, Uganda anaweza kuuza unga, mafuta na vocha, ila sigara hapana. Basi pima: una mtu mzima dukani saa zote? Kama huna, jibu la swali lako la kuuza au kutouza umeshalipata.

Halafu kuna mtoto aliyetumwa. Hapa ndipo ninapotaka mwenye duka awe na moyo mgumu katika nchi yoyote ile. Anakuja mtoto wa darasa la tatu, pesa kaikunja kiganjani: "Mangi, baba amesema umpe fegi mbili na kiberiti." Baba unamjua, ni mteja wa miaka, deni lake la mwezi liko kwenye daftari lako. Ukimkatalia mtoto unaogopa kumuudhi baba. Lakini sheria inamtazama yule aliyenyoosha mkono kupokea, na aliyepokea ni mtoto wa miaka tisa. Mwambie, "Mwanangu, mwambie baba aje mwenyewe," na mpe ujumbe huo kwa upole. Wazazi wengi huelewa baada ya mara moja, na wasioelewa watakuja wenyewe kulalamika, hapo utawaeleza. Mtoto anayezoea kushika sigara kwa niaba ya baba anajifunza bei yake, jina lake na mahali inapouzwa kabla hajajifunza madhara yake.

Moja moja au pakiti nzima

Hili ndilo jambo ambalo sheria na mtaa vimetengana zaidi, na ndilo linalompa mwenye duka mtihani wa kweli.

Kenya imekataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isiwe na sigara chini ya 10. Uganda nayo imekataza moja moja na vipakiti vidogo. Tembea sasa masoko ya Gikomba, Kongowea, Owino au Kariakoo. Pakiti iko wazi juu ya kaunta, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha ili asiondoke nacho mtu. Tanzania Bara biashara hii inafanyika mchana kweupe kila kona. Kenya na Uganda inafanyika vilevile, tofauti ni kwamba huko anayeifanya anajua amevunja sheria iliyoandikwa wazi.

Kinachowashikilia wauzaji ni hesabu. Tuseme pakiti ya sigara 20 umeichukua jumla kwa shilingi 280 za Kenya, na bei ya pakiti nzima mtaani kwako ni 300. Ukiiuza nzima unapata 20. Ukiifungua na kuuza kila moja kwa shilingi 20, umekusanya 400, na faida imekuwa 120. Mara sita. Tena mteja wa moja moja hurudi mara nne kwa siku, na kila akirudi huchukua peremende ya kuua harufu, au chai, au vocha. Mwenye duka anayeniambia kwamba bila moja moja sigara hazimlipi ananiambia ukweli, na sitamdanganya kwamba pakiti nzima zitampa faida ileile.

Lakini tazama kinachotokea upande wa pili wa kaunta. Nani hununua sigara moja? Ni yule asiye na bei ya pakiti. Wamo wavutaji maskini wa siku nyingi, na humohumo wamo vijana wa sekondari wanaojaribu kwa mara ya kwanza, kwa sarafu iliyobaki kwenye nauli. Kwao pakiti nzima ni ukuta. Wewe ukiifungua umewafungulia mlango.

Na kuna onyo. Kenya ilitoa kanuni za picha za onyo mwaka 2014. Kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga Mahakama Kuu na ikashindwa 2016, ikaenda Mahakama ya Rufani na ikashindwa 2017, ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa tena. Uganda nayo mwaka huo huo, mwezi Mei, Mahakama ya Katiba ilitupilia mbali pingamizi la kampuni ya BAT Uganda dhidi ya sheria ya 2015. Miaka hiyo yote ilipiganiwa ili mnunuzi aone kwenye pakiti picha ya kitakachoupata mwili wake. Mteja wa moja moja haioni picha hiyo hata siku moja. Anapokea kijiti cheupe mkononi na kuondoka.

Kwa hiyo kati ya njia hizi mbili sioni ya kati. Pakiti iliyofungwa inakuweka upande wa sheria Kenya na Uganda, inakupunguzia foleni ya watoto, na inakulazimu uone faida halisi ya sigara katika duka lako. Ukiiona ni ndogo mno, basi umegundua kwamba kilichokuwa kikikulipa ni kuvunja sheria, na hilo ni jambo la kuamua ukiwa umetulia, usingoje askari awe mlangoni.

Rafu, mabango na zawadi za kampuni

Uganda hairuhusu sigara kuonyeshwa mahali pa kuuzia. Ziwepo, lakini mteja asizione: ndani ya droo, chini ya kaunta, nyuma ya mlango wa kabati usio na kioo. Anayezitaka ataziulizia. Kuuza kwa intaneti na kwa mashine za kujihudumia pia kumekatazwa, na ndani ya shule, vituo vya afya na magereza haziuzwi kabisa.

Kenya imekataza matangazo na promosheni za tumbaku na imekataza mashine za kujihudumia. Hapa mwenye duka ajihadhari na zawadi. Anakuja mtu wa mauzo na mwavuli mzuri, au saa ya ukutani, au anajitolea kukupakia rangi ukuta wa mbele bure. Kama kitu hicho kina jina au nembo ya sigara, amekuletea tangazo, na likishawekwa dukani kwako, wewe ndiwe uliyelitundika. Mkatalie kwa adabu. Anayetaka kukupunguzia mzigo akupunguzie kwenye bei ya jumla.

Hata mahali ambapo sheria haikukazii, mimi ningezificha. Sababu ni mpangilio wa maduka yetu yenyewe. Sigara huwekwa usawa wa macho katikati ya kaunta, na pembeni yake tu zimo pipi, bigijii na kalamu za wanafunzi. Mtoto anayenunua kalamu anazitazama sigara kila siku ya shule. Kuzihamishia droo ya chini hakukugharimu chochote, na mvutaji hatapotea njia.

Shisha, vepu na ugoro

Shisha nitaipitia haraka kwa sababu jibu ni moja kote. Uganda imeikataza ndani ya sheria ya 2015. Rwanda iliipiga marufuku Desemba 2017, na mwezi huo huo Kenya, chini ya Waziri wa Afya Cleopa Mailu, ikakataza kuiingiza, kuiuza, kuitangaza na hata kuivuta. Tanzania ilitoa agizo la kuizuia mwaka 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa na uongozi wa mkoa wa Dar es Salaam wakilisimamia. Wafanyabiashara wa Mombasa hupenda kutaja uamuzi wa Januari 2024 wa mahakama ya Shanzu, uliosema kanuni za Kenya hazikufikishwa bungeni inavyotakiwa. Uamuzi huo ulikuwa wa mahakama ya hakimu, na baada yake mamlaka ilisisitiza kwamba marufuku ipo, misako ikaendelea. Asiweke mtu mtaji wake juu ya mwanya huo.

Vepu, yaani sigara za kielektroniki, zinahitaji uangalifu zaidi, maana vijana wanaziulizia na faida yake inavutia. Uganda mlango umefungwa: vepu, tumbaku yenye ladha, na tumbaku isiyo ya moshi vyote vimo katika orodha ya vilivyokatazwa, kuingiza na kuuza. Kenya zinatozwa ushuru wa bidhaa, zinaonekana madukani mijini, na Seneti imepokea muswada wa mwaka 2024 wa kuirekebisha sheria ya 2007 ili iguse vepu na vijaluba vya nikotini (vifuko vidogo vinavyowekwa mdomoni) waziwazi. Kwa mwenye duka dogo ushauri wangu ni kutoziingiza. Ni bidhaa ya bei kubwa, sheria yake inasogea, na mzigo ukikufia rafuni hakuna wa kukurudishia. Duka la Nairobi lenye tawi Kampala lisithubutu kuhamisha hata boksi moja.

Ugoro ndio unaosahaulika. Wengi hawauhesabu kama tumbaku, kwa sababu wameuona mkononi mwa babu na bibi tangu utotoni, umefungwa kwenye kijikaratasi. Kenya sheria ya 2007 inauhesabu sawa na sigara: umri ni uleule na onyo linahitajika kwenye kifungashio. Ule unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye gazeti hauna onyo wala stempu. Uganda, kwa kuwa tumbaku isiyo ya moshi imekatazwa, ugoro wa dukani na kuberi, tumbaku inayowekwa mdomoni, viko nje ya sheria. Ukiwa mpakani, hii ndiyo bidhaa itakayokuponza mapema, maana inavuka kirahisi na hakuna anayeiogopa.

Zanzibar ina sheria zake za afya ya jamii, tofauti na za Bara. Mwenye duka la Darajani asichukue safu ya Tanzania Bara kwenye jedwali akadhani imemtosha. Aende kwa maofisa wa afya wa huko huko. Hasa anayeuza tambuu, maana ndani ya jani mara nyingi mna tumbaku.

Stempu

Hapa nchi zote tatu zinafanana zaidi kuliko mahali pengine, na mwenye duka ana silaha mkononi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilianza mfumo wake wa stempu za ushuru kwenye sigara na pombe kali mwaka 2013, na ina programu ya simu iitwayo Soma Label ya kukagua stempu. Mamlaka ya Mapato ya Tanzania (TRA) ilianza stempu za kielektroniki Januari 2019, na programu yake ni Hakiki Stempu. Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ilianza Novemba 2019, na huko mfumo unajulikana kwa jina la Kakasa.

Usipokee bunda bila kukagua walau pakiti moja mbele ya aliyeleta. Sigara inayouzwa jumla kwa bei ya chini kuliko kawaida ina sababu, na sababu ya kwanza ni kwamba imevuka mpaka bila kulipiwa ushuru. Dereva wa bodaboda aliyeileta usiku hatakuwapo maofisa wakija mchana. Mzigo utakutwa kwako na maelezo yatatakiwa kwako. Risiti ya jumla iweke. Kama muuzaji wa jumla hataki kukupa risiti, usimwachie pesa yako.

Angalia pia picha kwenye pakiti. Pakiti yenye onyo la maandishi matupu ikiwa rafuni Nairobi inajisema yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa soko la Kenya, na mkaguzi ataiona kabla hujamaliza kumsalimia.

Wanaovutia mlangoni

Mwenye duka hufikiri kosa la kuvuta ni la mvutaji peke yake. Kenya inamkataza mtu kuvuta mahali pa umma, na orodha ya mahali hapo inafika hadi barabarani, njia za wapita kwa miguu na veranda zilizopakana na mahali pa umma. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Wenye kiberiti kilichofungwa kwa kamba dirishani wanapaswa kujiuliza mteja anawashia wapi. Anawashia pale pale, kwenye veranda yako, mbele ya mama anayenunua maziwa akiwa na mtoto mgongoni.

Uganda mvutaji lazima awe umbali wa mita 50 kutoka mahali pa umma, kuanzia mlango, dirisha au tundu la hewa. Mita 50 mjini ni mbali sana. Mtu akisogea hivyo kutoka dukani kwako amefika mlangoni kwa jirani. Kwa vitendo, hakuna kuvutia karibu na duka. Faini za Uganda, ukizisoma, zimeandikwa kwa kipimo cha pointi za sarafu, na kila pointi ni shilingi 20,000 za huko. Zidisha kabla hujasema ni ndogo.

Tanzania Bara imekataza kuvuta katika baadhi ya maeneo ya umma lakini inaruhusu sehemu maalumu za wavutaji. Duka la mtaani halina nafasi ya kutenga sehemu hiyo, kwa hiyo ning'oa kiberiti na umalize habari.

Uchague lipi

Duka la mtaa lililo karibu na shule, au ambalo kaunta inashikwa na vijana: acha sigara, katika nchi yoyote. Faida ya pakiti zilizofungwa ni ndogo kwako, mtihani wa watoto ni wa kila siku, na tumbaku inaua duniani zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wengi wao wakiwa wameanza wakiwa na umri wa wateja wako wa kalamu na daftari.

Supamaketi ndogo au duka la kituo cha mafuta, lenye wahudumu watu wazima na mashine ya risiti: unaweza kuuza na ukabaki salama. Pakiti zilizofungwa tu, kabati lisiloonekana, tangazo la umri lililobandikwa, kitambulisho kwa kila uso wa kijana. Kenya na Tanzania sheria inakuruhusu kumuuzia wa miaka 18. Mimi ningeweka 21. Mwenye miaka 18 anakaa dawati moja na wa 16, na pakiti aliyonunua haiishi mikononi mwake.

Duka la mpakani, Busia, Malaba, Mutukula au Namanga: fuata sheria ya upande mkali kwa pande zote mbili, usihamishe bidhaa yoyote ya tumbaku kutoka tawi moja hadi jingine, na kila upande ununue kwa muuzaji wake wa jumla mwenye risiti. Ni ghali kidogo. Wahudumu hubadilishana zamu, na kanuni moja ndiyo wanayoweza kuikumbuka.

Mwenye baa au mgahawa: shisha haipo kwenye mazungumzo, na sigara za kaunta zifuate yaleyale ya supamaketi.

Na aliyeamua kuacha, usiache ghafla ukiwa na mzigo. Maliza pakiti ulizonazo zikiwa zimefungwa, usiagize tena, na mwambie mtu wa mauzo mapema ili aache kukuhesabu kwenye mzunguko wake. Kabati au mwavuli wenye nembo alioleta mrudishie, umwombe asaini kwenye daftari lako kwamba amechukua. Wateja wa zamani wataulizia kwa wiki kadhaa. Waambie hakuna, waulize hali, wauzie chai. Nafasi iliyobaki katikati ya kaunta weka kitu kinachotoka haraka na kinachonunuliwa na watu walewale wa asubuhi: mayai ya kuchemsha, maandazi, maji ya chupa, betri za tochi. Andika mauzo ya nafasi hiyo peke yake mpaka mwezi uishe, uyaweke kando ya faida ya pakiti zilizofungwa, na hesabu zenyewe zitakuonyesha kama umepoteza kitu.